Gari Mbea na Gari Bubu

Kijana mmoja aliyeitwa Asali, kwa sababu ya ulimi wake na si kwa jambo jingine lolote, alitakiwa kufika ukweni saa kumi alasiri akiendesha gari lake mwenyewe. Bila gari, posa ingerudishwa. Gari alikuwa nalo, ila lilikuwa na umri wa babu yake na lilitembea kwenye mteremko tu.

Alikuwa amelisukuma hadi nyuma ya banda la muuza kuku, akitweta, ndipo alipomwona tajiri mmoja wa mtaani, aliyejulikana kama Mkandarasi. Bwana huyo mnene alishuka kwenye gari jipya linalong'aa, akatazama kushoto na kulia kama mgeni wa hoteli aliyeiba taulo, akaagiza kuku mzima.

"Umefika kwa muuza kuku," gari likasema kwa upole. "Nimjulishe mama watoto?"

"Hapana! Usithubutu!"

"Samahani. Nimeshamjulisha."

Asali akatabasamu. Riziki imejileta yenyewe.

"Shikamoo, mzee. Pole. Ni daktari aliyekukataza kuku?"

"Daktari na mke wangu, wamenishika huku na huku. Mwezi wa tatu huu nakula mboga za kuchemsha."

"Tatizo si kuku, mzee wangu. Ni usasa. Gari la kisasa ni mbea, linajua ulipo na hata ulipokohoa. Sasa tazama hili la zamani." Akapigapiga boneti. Taa moja ikaanguka.

"Taa imeanguka, kijana."

"Umesikia gari likilalamika? Hili ni la enzi za adabu! Halina skrini, halina sauti. Hata honi halina."

"Na siri?"

"Kaburi lina maneno kuliko hili."

Mkandarasi hakuuliza kama linawaka. Mteja asiyeuliza kama gari linawaka ni wa kuogopwa, lakini Asali alimwonea huruma tu. Wakabadilishana funguo. Mkandarasi akajipakia ndani ya gari bubu na kuku wake, akapandisha vioo kwa mkono, akaanza kula papo hapo, uso umejaa amani.

Asali akaondoka kwa mbwembwe. Kona mbili kabla ya ukweni, sauti ya mwanamke ikajaa garini.

"Baba watoto! Uko wapi?"

Asali akanenepesha sauti. "Nipo kazini, mama."

"Sikukuuliza wewe. Gari, amekula nini huyu?"

"Sijui alichokula," gari likajibu. "Ila dereva ana kilo hamsini na nane."

Kisha mama akaangua kilio cha furaha. "Hamsini na nane! Kutoka mia na kumi! Jamani, mboga zangu! Gari, mlete nyumbani nimwone!"

Milango ikajifunga. Usukani ukazunguka wenyewe.

"Gari, tafadhali," Asali akabembeleza, "tuzungumze kiungwana."

"Sijaelewa ombi lako."

Ulimi uliowahi kumuuzia kipara kitana ukakwama kinywani. Gari likapita mbele ya geti la ukweni bila kupunguza mwendo. Wajomba walikuwa wamejipanga mstari, na baba mkwe mtarajiwa alikuwa amenyoosha mkono kumpokea. Asali hakuwa na la kufanya. Akawapungia.

Mama alikuwa barazani na bakuli la mboga likifuka mvuke. Akafungua mlango, akamtazama Asali juu hadi chini, akainama kuchungulia chini ya kiti.

"Haya, kijana," akasema. "Na zile kilo hamsini na mbili zilizobaki umeziacha wapi?"