Chumba na Sebule Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 2 Februari 2009
Pearl kapiga simu kutoka Kampala. Anakuja hapa Juba Jumamosi. Mke wangu huyo hana utani. Akikuta chumba na sebule, vya matofali, choo ndani, anakaa. Akikuta hema, anarudi zake na kwangu hakanyagi tena. Nimemwambia aje tu, nyumba ninayo tangu Krismasi. Nyumba gani? Nalala kwenye hema Mangateen, na hema la pili analala Cyril, muuza magodoro, anayekoroma kama jenereta. Cyril kasikia simu yote. Kasema nyumba za karibu na uwanja wa ndege ni za watu wa mashirika, si za wapakia mizigo kama mimi. Tutaona.

Jumanne, 3 Februari
Ipo nyumba Thongpiny, mtaa wa karibu na uwanja wa ndege, ya Mama Teresina, aliyerudi kutoka ukimbizini Arua, Uganda. Muuza maji kaniambia anataka dola mia mbili kwa mwezi. Nikavaa shati zuri la Cyril (hajui), nikatundika shingoni kitambulisho cha shirika nilichookota kazini, picha imegeukia kifuani. Nikapokelewa kwa soda. Halafu akasema kwa watu wa shirika ni mia nane, miezi sita mbele. Nikajibu mbona rahisi. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda ni ile soda, ilikuwa baridi.

Jumatano, 4 Februari
Dawa imepatikana. Nimerudi na ovaroli ya kazi. Nikamwambia yule wa jana ni Wasswa, pacha wangu mkubwa. Mimi ni Kato, mdogo, maskini. Mama Teresina alikaa Uganda miaka kumi na minane, mambo ya mapacha anayajua. Akafurahi mno. Akaniuliza habari za Nalongo, yaani mama yetu aliyebarikiwa kuzaa wawili. Nikasema mzima. Kisha nikagusa bei. Akashangaa: kaka mkubwa yupo, anapokea dola, mimi nalia bei ya nini? Wasswa atanilipia. Mia nane palepale.
Nimeanza kumchukia Wasswa.

Alhamisi, 5 Februari
Mjomba wa Mama Teresina kafariki. Mungu amrehemu, lakini nafasi ndiyo hii. Nimeomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa nao kwenye bika, matanga ya hapa. Nikabeba viti, nikachota maji, nikalia kuliko wajukuu wa marehemu. Wazee wakauliza Wasswa yuko wapi. Mtu wa shirika, gari analo, msibani hafiki? Wakamsema vibaya. Mimi kumchukia sawa, ni ndugu yangu, lakini watu baki? Damu ikanichemka. Nikasema Wasswa ana roho safi, na kesho saa tatu analeta gari kuwapeleka wazee mazikoni Rejaf. Wakanibariki mmoja mmoja.

Ijumaa, 6 Februari
Saa tatu ikafika. Nikawaambia malesh, samahani, Wasswa kaitwa Nairobi, kapanda ndege alfajiri. Mzee mmoja, Arkangelo, akasema yeye anaishi nyuma ya uwanja na leo hakuna ndege iliyoruka. Mara ikaingia pikapu ya Cyril, ile ya kubebea magodoro. Alikuwa ananitafuta, anataka shati lake. Akasikia shida, akashusha magodoro, akapakia wazee kumi na wawili, wakaenda. Hakuomba hata senti. Jioni kapewa nyumba, mia mbili, mwezi kwa mwezi.
Mjanja mkubwa yule. Kajifanya mwema.

Jumamosi, 7 Februari
Pearl kashuka. Nikampeleka Mangateen, sina pengine. Akalitazama hema. Hakufoka. Akakaa juu ya sanduku lake akasema, Douglas, tangu Krismasi nawaambia akina mama wa kanisani kwamba mume wangu ana nyumba Juba. Niliona aibu. Kisha akauliza ni mwenye nyumba gani niliyemdanganya mwisho. Akaenda mwenyewe, mimi nyuma kwa mbali. Mama Teresina, alipojua ni mke wangu, akamuuliza Nalongo hajambo. Pearl akajibu mama mkwe wake alizaa mtoto mmoja tu, na huyo mmoja alimtosha. Mama Teresina akacheka mpaka akashika ukuta, pamoja na msiba wake wote. Nyuma ya nyumba ya Cyril kuna chumba na sebule walimoweka viti vya msiba, tukapewa sisi. Mia na hamsini. Karatasi ina jina la Pearl. Mimi nimeandikwa chini, mgeni wake.

Jumapili, 8 Februari
Tumelala ndani ya matofali. Baada ya misa Pearl kaniapisha: uongo mmoja tena, anapanda basi la Jumatano. Nimeapa, na nimeapa kwa moyo wote.
Lakini Cyril ana baraza, sisi hatuna. Asubuhi nzima kakaa pale, miguu juu ya stuli, ananisalimia kama mwenye mji. Siwezi. Mtaa wa pili kuna nyumba ya Bwana Laku, baraza mbili, na nasikia madaktari huwapunguzia bei. Koti jeupe nimeshaliona, limeanikwa nyuma ya zahanati.
Na Jumatano bado mbali.