Mti wa Kilomita ya Tatu

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua. Ukungu. Mvua tena. Mlima sijauona tangu juzi, ila ubaoni nimeandika: "Hali ya njia: nzuri kiasi. Utelezi kidogo." Ndiyo kazi yangu. Kila alfajiri natakiwa kupanda hadi kibanda cha kwanza, nikague njia, nipime mvua, nishuke niwaandikie wapandaji hapa getini. Mara ya mwisho kupanda ilikuwa Agosti. Goti! Siku hizi nasoma viatu vya wanaoshuka. Tope likiishia kisiginoni, utelezi kidogo. Likifika magotini, utelezi mkubwa. Sijakosea sana.

Leo balaa. Mkuu wa geti anastaafu mwisho wa mwezi. Kaniita ofisini, kanimiminia chai kwa mkono wake, kasema anataka kufika kileleni mara ya mwisho, Ijumaa hii, na wa kumwongoza ni mimi. Eti kati ya watumishi wote ni mimi niijuaye njia, maana naikanyaga kila siku. Nikajikaza kisabuni, nikashukuru. Akigundua, kazi sina.

Jumanne, 5 Novemba

Dawa nimeipata. Ubaoni, herufi kubwa: "NJIA IMEFUNGWA. MTI UMEANGUKA KILOMITA YA TATU." Uongo safi! Haumuumizi mtu. Kwenye msitu wenye mvua kama hii, nani atashangaa mti kuanguka?

Mkuu alisoma, akavua kofia. Akauliza mti wenyewe ukubwa gani. Ningesema wa kawaida tu. Mdomo ukaniponza, nikasema watu wawili hawaukumbatii. Akasema basi kesho mchana atamtuma shemeji yangu na msumeno.

Shemeji ni kaka wa mke wangu, kiongozi wa wapandaji. Hapandi mlima, anautembelea tu kama sebule yake. Nyumbani husikii lingine: kaka kasema hivi, kaka kafanya vile. Jioni sijanawa hata mikono, mke wangu akaniambia kaka yake kapita kilomita ya tatu leo asubuhi na hakuona mti. Nikasema umeanguka alipokwisha pita. Akauliza, na mimi niliyekuwa getini kutwa nimeuona saa ngapi. Nikalalamika kwamba mchuzi hauna chumvi.

Jumatano, 6 Novemba

Mti hakuna? Basi utakuwepo. Kulipopambazuka nilikuwa njiani na shoka. Kukata mti humu hifadhini ni kifungo. Najua, kibao cha onyo nilikipigilia mwenyewe. Nikachagua uliokwisha kufa, uliosimama ukingoni na kuinamia njia. Yaani, kwa ule ukungu, nilidhani unainamia njia.

Saa nzima ya shoka! Haukukatika. Uling'oka. Ukaenda bondeni na mizizi yake yote, na koti langu nililolitundika kwenye tawi, na kipande cha njia cha ukubwa wa kitanda. Pakabaki tope na shimo.

Goti likagoma palepale. Nikakaa kwenye mvua bila koti, nikajihurumia. Mchana akatokea Shemeji, msumeno begani. Akatazama shimo. Akatazama shoka. Akanitazama mimi. Angenitukana ningepata nafuu. Akaninyanyua na kunishusha taratibu. Alisema mambo mawili tu. La kwanza, hatamwambia Mkuu, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya dada yake. La pili, niandike ubaoni kwamba njia imemeguka, maana yeye kesho anapeleka wageni upande wa pili wa mlima na hatarudi mpaka Ijumaa. Nikaapa.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimesimama mbele ya ubao na chaki hadi ikalowa. Nikiandika imemeguka, Mkuu atataka kujua imemegukaje. Ataenda kuona. Ataona alama za shoka. Nimeandika: "Mti umeondolewa. Kilomita ya tatu, tembea kwa uangalifu." Kwa uangalifu! Nani atasema sikuonya?

Goti limevimba, nimemwambia Mkuu siwezi kumwongoza. Kanipa pole kwa moyo wote. Kasema atakwenda mwenyewe polepole, ubao wangu unamtosha. Nimeponea chupuchupu! Nimekula vizuri leo.

Ijumaa, 8 Novemba

Mkuu ameanguka. Kilomita ya tatu. Nyonga imevunjika. Alilala bondeni kwa muda wa saa tano kwenye mvua mpaka Shemeji aliposhuka na wageni wake akamsikia. Wamemleta kwa machela ya matawi na kamba. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alinishika mkono akaniambia nisijilaumu, mlima hubadilika haraka, na mimi nilishamwandikia awe mwangalifu. Shemeji alikuwa ameshika upande wa pili wa machela, anasikia kila neno.

Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Siandiki zaidi.

Jumapili, 10 Novemba

Shemeji kaja nyumbani. Hakukaa. Kasema nikamwambie Mkuu ukweli mwenyewe, kwa mdomo wangu. Mke wangu alikuwa anakunja nguo, hakuinua kichwa. Nikaenda hospitali, mjini huko chini ambako mvua haifiki. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilikuwa nayo!

Nimemkuta amegeukia ukuta. Daktari kamwambia mlima basi, hata ngazi atapanda kwa msaada. Amekipanda kilele hiki tangu akiwa mbeba mizigo kijana, na sasa basi. Akaniuliza, leo mlima ukoje? Mimi nikasema mweupe. Kilele kinaonekana chote mpaka mawe yake. Njia kavu. Akageuka kunitazama, akatabasamu kidogo. Ningefanyaje? Nililia nje, kwenye benchi la wagonjwa. Muuguzi alidhani nimefiwa.

Jumatano, 13 Novemba

Ananipigia simu kila asubuhi saa mbili. Jumatatu nilimpa jua. Jana nikampa jua na ndege. Leo nikampa jua, ndege, na maua meupe kando ya kibanda cha kwanza. Anasema sauti yangu ndiyo dawa pekee inayofanya kazi. Dirishani sioni hata geti. Shemeji kaziba ule mmeguko kwa magogo, peke yake, siku mbili. Kaniuliza nimeshasema? Nikamjibu niko mbioni.

Ijumaa, 15 Novemba

Nimekwisha! Mkuu kapiga simu anacheka. Kwa kuwa wiki nzima ni jua tupu, kamwomba mkwewe amlete kesho kwa gari hadi getini. Hatapanda, atakaa tu kwenye kiti na kukitazama kilele kwa macho yake. Hilo likiwa la mwisho, anasema, linamtosha. Nje mvua inamwagwa kwa ndoo. Akifika ataona ukungu. Atauliza. Atajua yote, tangu mwanzo.

Nikamwambia haiwezekani, daraja la barabarani limezolewa na maji. Akauliza maji gani hayo, na wiki nzima hakujanyesha? Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Sasa hivi mke wangu ananiambia Mkuu kampigia kaka yake. Anamtaka akalikague daraja saa kumi ampe jibu.

Saa nane na nusu. Goti linauma, lakini nikitoka sasa nitamtangulia. Daraja lenyewe ni la mbao. Limeshikwa na nati kumi na mbili, nimewahi kuzihesabu, na spana ninayo.