Nusu Kikombe cha Uji

Jumatano, 11 Juni

Ng'washi amemimina uji kwenye spika ya gitaa la baba yake. Sasa hivi tu! Nimegeuka kuchukua kanga, kurudi nakuta kikombe kitupu, spika imeshiba. Mtoto ananitazama anasema, "Kunywa." Hajafikisha miaka miwili na tayari ana huruma. Nikambusu kwanza. Kisha nikashika kichwa.

Nje nimefuta. Ndani hapafutiki. Baba yake hajui wala hatajua.

Maana wiki hii si ya kumwongezea mambo. Shimba, ndiye Baba Ng'washi, ameitwa na kaka yake Sengerema akasimamie mashine ya kukoboa mpunga. Jumatatu anapanda kivuko cha Kamanga. Mimi na mtoto tubaki hapa Igoma mpaka apate chumba huko. Miezi. Labda mwaka. Nikamuuliza, na bendi? Akasema miaka yote hii wanapiga roki kwenye gereji ya Nathaniel, katikati ya matairi, na hakuna mtu aliyewahi kusema ule ni muziki. Angetokea mmoja tu akasema, angebaki. Nikamwambia mbona mimi nasema kila siku. Akacheka kwa upole, eti mke hahesabiwi.

Hahesabiwi! Mimi niliishia darasa la saba, muziki sijausoma. Lakini gitaa lake likianza, kifua changu kinakuwa bati na mvua imefika.

Haya. Nitamtafuta anayehesabiwa.

Alhamisi, 12 Juni

Nimemtafuta. Nimemkosa. Nimemtengeneza.

Anaitwa Profesa Alexander, yuko Nairobi, na laini yake ya simu nimeisajili jana. Amemtumia Shimba meseji nzuri sana. Kwamba Bendi ya Oveholi haina mfano, kwamba gitaa linaingia kifuani kama mvua ya kwanza kwenye bati, na kwamba yeye Profesa ameupenda hasa ule wimbo wa kumlaza mtoto.

Shimba alisoma amesimama. Uso ukawaka, wallahi ulikuwa kama wa siku ya posa! Kisha ukazimika. Akaniuliza Profesa ameujuaje wimbo ambao haujawahi kutoka chumbani kwetu. Nikasema maprofesa wanajua mengi. Akarudisha simu mfukoni, hakugombana. Afadhali angegombana. Gitaa limebaki kwenye msumari. Ng'washi aliligonga kwa kiganja, akangoja, akagonga tena.

Spika nimeianika juani. Wamekuja sisimizi. Nikaisogeza karibu na jiko ikauke upesi. Uji umekuwa tofali.

Ijumaa, 13 Juni

Wifi Getruda kaja asubuhi, kakunja mashati ya kaka yake hata sijamkaribisha chai. Anasema Oveholi wakipiga mbuzi wa mtaa mzima wanahama. Anasema kwaya yake ina spika kubwa kama kabati, ule ndio muziki. Nikamjibu ndiyo wifi, hata kabati lina milango, linajua kufunga. Alinuna mpaka mchana.

Lakini leo nimepata akili! Yuko bwana mmoja wa Buhongwa, Muharami, mchambuzi wa muziki. Anaongea redioni na kuandika kwenye simu, na watu wanamwogopa. Bendi moja kubwa ya harusi aliisema inapiga kama watu wanaoosha vyombo wakiwa wamenuniana. Huyo akisifu, amesifu. Nikampigia, shikamoo nyingi, nikamkaribisha gereji. Akasema Jumapili haendi gereji ila gari lake likizimika.

Nikakata simu nikamkumbuka mjomba Machibya. Mjomba ana kundi la bugobogobo, wale wacheza ngoma wa majembe. Kwetu Usukumani makundi mawili ya ngoma yakishindana hayapokezani. Yanaanza pamoja, hili huku na lile kule, na watu wanakwenda wanakovutwa. Mwenye watu ndiye mshindi. Basi! Mjomba acheze upande wa pili wa uwanja ulio mbele ya gereji, watu waje kwa ajili yake, kisha Oveholi wawanyang'anye. Nikampigia tena Muharami: kuna mashindano makali ya ngoma Igoma. Akasema hayo anakuja.

Shimba nimemwambia ni sherehe ndogo ya kumuaga. Akanishika shavu, akasema asante Mama Ng'washi. Nusura nimwambie kuhusu uji.

Jumapili, 15 Juni

Aibu.

Mjomba alikuja na nyoka! Chatu mzima, shingoni. Nani anashindana na chatu? Majembe yanarushwa juu, vumbi, vigelegele, kina mama wauza mihogo wameacha karai motoni. Oveholi walipoanza, uwanja wote ulitupa mgongo. Na lile gitaa! Mungu wangu. Lilitoa sauti ya mbuzi mwenye kikohozi. Shimba akatazama spika, akaipiga teke. Ikakohoa zaidi. Nathaniel kwenye ngoma zake alichanganyikiwa, akakimbiza mdundo kama anayekimbizwa na mgambo. Sisimizi wakatoka kwa mstari.

Waliobaki gerejini: mimi, Ng'washi mgongoni, wifi Getruda aliyeketi mbele kabisa ili acheke vizuri, na mzee mmoja mwembamba juu ya tairi, kakimbia jua. Alikuwa anapangusa miwani. Nilijua ni nani alipopokea simu na kusema hapa Muharami. Nikatamani chatu animeze.

Wa mwisho Shimba akapiga ule wimbo wa kumlaza mtoto. Hadharani, mara ya kwanza. Alitutazama sisi wawili tu. Sauti yake ilikatika katikati, akaendelea bila sauti, midomo tu na lile gitaa linalokohoa. Ng'washi akalala hapohapo mgongoni.

Mzee aliondoka bila kuaga.

Jumatatu, 16 Juni

Amekwenda. Alasiri. Hakuchukua gitaa, anasema mpunga hauimbiwi. Nilisimama gatini mpaka kivuko kikawa kidogo kama kiberiti. Ng'washi alipunga mkono, na kilipopotea akaendelea kumpungia ziwa.

Nyumba ina harufu ya shati lake. Wifi amesahau kukunja moja. Sitamkumbusha.

Jioni Nathaniel kaja mbio, mikono ina grisi, simu kaishika kwa viwiko. Muharami ameandika! Nathaniel akasoma kwa sauti, nami nikamrudisha nyuma mara kadhaa mpaka nikashika kwa moyo:

"Nilikwenda Igoma kuona ngoma, jua likanisukuma gerejini. Mpiga ngoma wa Oveholi ana haraka, na mwimbaji hana sauti kubwa. Ana kiu kubwa. Gitaa lake lina mkwaruzo ambao sijausikia Mwanza hii, kama mtumbwi unaoburutwa juu ya changarawe na mtu asiyetaka kuondoka. Sijui ameupataje. Wimbo wa mwisho alimwimbia mtu mmoja mlangoni, mwenye mtoto mgongoni. Mimi nilidoea tu. Huu ni muziki. Jumapili narudi, na nitakuja na wenzangu."

Huu ni muziki! Kasema anayehesabiwa! Nikampigia Shimba. Hapatikani. Nikapiga tena. Hapatikani. Nikamtumia yote, neno kwa neno, nikaongeza kwamba safari hii si Profesa.

Jumatano, 18 Juni

Amerudi! Kivuko cha kwanza cha jana, begi halijafunguliwa. Alisimama mlangoni akaniuliza kama ni kweli. Nikamwonyesha. Akakaa chini kwenye sakafu, akampakata mtoto, akatazama gitaa msumarini kama ndugu aliyetoka hospitali. Kaka yake amekasirika, atapoa. Hata wifi Getruda sasa anasema yeye alikaa mbele kabisa kwa sababu alijua.

Shimba anajiuliza mkwaruzo umetoka wapi. Anadhani ni vidole vyake. Kwa nini nimnyang'anye mtu vidole vyake?

Lakini Jumapili wanakuja wachambuzi wengi, na spika moja haitatosha. Nathaniel ameazima ile ya kwaya ya wifi, ile kama kabati, iko hapa sebuleni. Sauti yake safi mno! Haina kiu yoyote. Nimepiga hesabu: spika ndogo ilikula nusu kikombe, basi kabati hili ni sufuria nzima ya uji, mzito, wa moto ili upenye mpaka ndani. Nimeutia na karanga. Ng'washi ameshika kijiko, anasema, "Kunywa." Jamani mtoto huyu ana kipaji! Nikishamimina tu nitaisogeza karibu na jiko, halafu

Naitwa. Baba Ng'washi anauliza uji wote huu ni wa nani. Ngoja nikamwambie kwamba ni wa