Watani wa Mlima Mweupe

Jumatatu, 5 Agosti 1996

Imefika! Treni ya Tabora imeingia saa nne asubuhi, imechelewa siku moja tu. Mama Specioza, mwenye banda la video hapa mtaani Shanwe, Mpanda, alikuwa stesheni tangu alfajiri, kavaa khanga ya kanisani. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kifurushi. Kaseti ya "Vita vya Mlima Mweupe", sehemu ya tano, ya mwisho! Nimeishika kwa mikono miwili. Kwenye jalada kuna mlima wote theluji, na juu kabisa watu wawili wadogo kama sisimizi, wanatazamana. Nikasimama pale relini nikiuangalia ule mlima. Mama Specioza akaniuliza kama nimepatwa na degedege.

Mimi ni mtafsiri wa banda. Nakaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, na maiki mkononi, na wanachosema wale Wazungu nakigeuza Kiswahili. Mpanda nzima wanajua kwamba Zefania ana Kiingereza cha kuzaliwa nacho. Hapa kwenye daftari naweza kuandika ukweli. Sina. Nina yes, nina no, nina go, basi. Yanayobaki nayasoma kwenye nyuso. Miaka mitatu sasa, sehemu nne, na hakuna aliyelalamika.

Ila kuna jambo. Katika sehemu ya kwanza, yule mwana wa mfalme tunayemwita Kiguru, kwa kuwa anachechemea, alikutana darajani na yule wa kofia ya pembe, Bwana Mapembe. Wakachomoa mapanga. Wakapigana huku wanacheka! Kiguru anacheka, Mapembe anacheka. Nikachanganyikiwa. Watu wananisubiri. Nikasema kwenye maiki kwamba hawa ni watani.

Banda lililipuka. Luhende, mzee wa Kisukuma aliyekuja na ng'ombe wake kutoka Shinyanga, alicheka mpaka akaanguka toka kwenye benchi, akamwangukia fundi seremala Cletus, Mfipa, na hao wawili ni watani wa makabila kila siku ya Mungu. Baada ya hapo nirudi vipi nyuma? Mapembe akachoma ghala la Kiguru: utani. Akachukua farasi wake wote: utani. Katika sehemu ya nne akamtupa shimoni mwaka mzima. Nilisema utani umezidi kidogo, lakini ni utani.

Leo palepale stesheni Mwalimu Silvester akaichukua kaseti na kusoma nyuma ya jalada kwa sauti. Ana Kiingereza cha kweli, huyu. Ana hata kitabu chenyewe ilikotolewa hiyo filamu, kinene kama tofali, alichopewa na padri mmoja kule Karema. Akatangaza kwamba katika sehemu hii mmoja kati ya wale wawili atamuua mwenzake.

Mtani hamuui mtani. Hata mtoto anajua.

Mwalimu akanitazama juu ya miwani. Akasema Jumamosi atakaa benchi la mbele na daftari. Mama Specioza akasikia. Akasema kama ikionekana nimewauzia watu mbuzi kwenye gunia miaka yote hii, maiki anampa mwalimu, na kigoda changu atakitumia kwa kukunia nazi. Nazi zenyewe Mpanda ziko wapi? Lakini nimemwelewa.

Mke wangu Dafrosa anasema niseme ukweli mapema. Dafrosa hajui kazi hii.

Jumanne, 6 Agosti

Mpango wa kwanza. Niitazame kaseti peke yangu kabla ya watu, nijue kinachokuja, nitunge vizuri.

Kaseti imefungiwa kwenye sanduku la bati, chini ya vitenge, na ufunguo Mama Specioza ameufunga kwenye pindo la khanga. Nikamweleza kwa upole kwamba kaseti iliyosafiri na treni huwa imekula vumbi la reli, lazima ichezeshwe kwanza tupu, mbele ya mtaalamu mmoja, ili ipumue. Akafikiri. Akakubali kwamba vumbi ni baya. Akafungua sanduku, akaitoa kaseti, akaipunga juani mara tatu kama anafukuza nzi, akaipuliza, akairudisha, akafunga.

Akanishukuru kwa kumkumbusha.

Jumatano, 7 Agosti

Mpango wa pili. Adui abembelezwe. Nimekwenda kwa Mwalimu Silvester na chupa ya asali ya Ugalla, asali nyeusi, ya miti mikubwa. Nikasema nimekuja kama msomi kwa msomi, tuzungumze kuhusu kitabu. Uso wake ukafunguka! Sikutegemea. Kumbe hana wa kuzungumza naye. Akasema miaka minane yuko Mpanda na hajapata mtu wa kusoma naye hata ukurasa mmoja.

Akanipa kitabu nisome kwa sauti. Nikasema nina macho mekundu. Basi akasoma yeye. Saa nzima! Kwa Kiingereza! Nilitikisa kichwa pale aliposhusha sauti, nikaguna pale alipopandisha. Karibu na mwisho sauti ikaanza kumtetemeka. Akavua miwani, akafuta, akavaa, akaendelea, akashindwa. Mimi sikuelewa hata neno moja, na vinyweleo vilinisimama mpaka shingoni. Kuna nini humo ndani? Mtu alikaa mezani huko kwao, akaandika, na mwalimu wa Mpanda analia kwenye kiti cha kamba!

Nikamuuliza kwa ujanja, yeye anaonaje hapo mahali. Akajibu kwamba hapo mahali hapasemeki.

Nimerudi bila asali na bila habari.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Mji umejaa. Nimekutana na Luhende karibu na mnada. Ameniambia Jumamosi anakuja na nyumba nzima, mkewe Minza, wakwe, wote, na watatembea tangu asubuhi. Nikamuuliza kama amesikia kilichoandikwa kwenye jalada. Akasema amesikia, na haimsumbui. Maneno yake ni haya: "Wewe Zefania hujawahi kunidanganya."

Nikaona aibu. Aibu kabisa, hapa kifuani, nusu saa hivi.

Halafu nikiwa nakula muhogo wa kuchoma ukanijia mpango wa tatu. Ajabu nilivyochelewa kuuona! Silvester atanikosoa vipi kama hasikii? Sauti ya filamu ikikatika, maneno yote yatakayokuwemo bandani ni ya kwangu. Nikitaka nitasema Mapembe amemchoma Kiguru kwa kisu cha mbao. Nani atabisha?

Ijumaa, 9 Agosti

Imefanyika. Mama Specioza alikuwa uani anachambua mchicha. Nyuma ya meza ya televisheni kuna nyaya mbili, zote nyeusi, zote zimejaa vumbi. Nimeukata mmoja kwa wembe nusu nusu, ubaki umeshikilia. Nikafunga uzi, nikaupitisha chini ya meza hadi kwenye kigoda changu. Wakati ukifika, navuta tu. Hakuna atakayeona.

Nimemwonyesha Dafrosa kwa vidole jinsi itakavyokuwa. Ameniuliza nimejuaje waya upi ni upi. Wanawake bwana.

Jumamosi, 10 Agosti

Naandika taratibu.

Saa tisa alasiri banda lilikuwa limejaa mpaka watu wa kwenye madirisha. Luhende na Minza na wakwe, Cletus kando yao. Silvester mbele kabisa, daftari limefunguliwa, tarehe ameshaandika. Mama Specioza akawasha jenereta mwenyewe.

Mlima! Sijui niuandike vipi. Nilikuwa nimeuona kwenye jalada, nikadhani nimeuona. Mlima unaingia taratibu, unajaza kioo chote, na bado unaendelea kuja, na wingu linapita chini yake. Chini! Theluji inaanguka bila sauti. Hapa watu tunakula vumbi la Agosti, lakini Luhende alilivuta blanketi lake la begani mpaka masikioni, na Minza akawa anajisugua mikono. Mtu mmoja dirishani aliomba Mungu kwa Kikonongo. Nilitafsiri vizuri saa nzima. Silvester aliandika saa nzima.

Kisha ziwa la barafu. Majeshi mawili yamesimama pembeni. Kiguru akatoka huku, anachechemea. Mapembe akatoka kule. Sasa hawacheki. Nikajua ndipo hapo. Nikavuta uzi.

Maiki yangu ikafa.

Waya ulikuwa wa maiki! Nikagonga, nikapuliza, wapi. Mama Specioza, akidhani mtambo mzima unakufa, akaruka akaipandisha sauti ya televisheni mpaka mwisho. Ngoma zao, upepo wao, vyuma vyao, vyote vikatujia kifuani. Ningeweza kupiga kelele nitafsiri kwa mdomo mtupu. Sikuweza. Nilitaka kuona. Miaka mitatu nimekaa pembeni ya kile kioo nikitafuta la kusema. Leo ndiyo mara ya kwanza nimetazama.

Wakapigana. Panga likaingia. Kiguru akaanguka kwenye barafu, mdomo wazi, na theluji ikawa inamwangukia machoni naye hayafumbi.

Luhende akasimama. Hakunifokea. Aliniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa: "Zefania. Huu nao ni utani?"

Watu wote wakanigeukia. Silvester akageuka, kalamu juu. Nilifungua mdomo kusema samahani. Kweli kabisa, neno lilikuwa limeshafika ulimini. Ndipo Minza akapiga kelele kwamba tutazame.

Mapembe alikuwa amevua ile kofia. Nywele nyeupe! Kumbe ni mzee. Akapiga magoti. Akamfuta Kiguru uso kwa kiganja. Akambeba mgongoni, mwenyewe. Askari wake wakamzuia, akawapita. Akapanda naye mlima, peke yao wawili, na wimbo mmoja tu wa sauti ya mwanamke, sijui unasema nini. Juu kule akachimba kwa panga na kwa kucha. Akamzika. Halafu, jamani! Akalichukua joho la marehemu akalivaa. Akashuka. Na aliposhuka, anachechemea! Anachechemea vilevile, mguu uleule, bega limelegea vilevile, akapita mbele ya jeshi la Kiguru, na jeshi zima likapiga magoti.

Cletus alikuwa wa kwanza kucheka. Kicheko kikamtoka na machozi pamoja. Akamshika Luhende shingoni akamwambia, "Msukuma we! Ndivyo ulivyofanya kwenye msiba wa baba!" Na ni kweli, sote tulikuwepo. Mtani ndiye aliyechimba kaburi, mtani akavaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu, akaagiza uji kwa sauti yake, na wafiwa wakacheka katikati ya kulia. Sasa banda zima likawa hivyo. Wanalia, wanacheka, wanapigana mabega. Luhende alikuwa amesimama bado, blanketi limeanguka, machozi yanapita kwenye mikunjo, anasema, "Ni mtani. Ni mtani wake kweli." Nami nililia, sioni aibu kuandika. Sijawahi kuona kitu kikubwa namna ile, na kilikuwa kwenye televisheni ya Mama Specioza.

Watu walipotoka Silvester alibaki. Nikajua sasa hukumu. Akanionyesha daftari: makosa yangu, kurasa nne, yenye namba. Kisha akasema kitabu amekisoma mara tatu, na hapo kwenye joho hakuna sababu iliyoandikwa. Yeye alikuwa akidhani yule mzee amerukwa na akili. Ndiyo maana pale huwa analia, kwa kutoelewa. Leo ameelewa. Akaniuliza mimi nilijuaje tangu sehemu ya kwanza.

Hapo ndipo ningesema ukweli. Tulikuwa wawili tu. Alikuwa ananitazama kwa heshima, mwalimu mzima.

Nikamwambia kwamba ukizijua lugha mbili, ya tatu inajileta.

Akachana kurasa zote nne.

Jumapili, 11 Agosti

Kanisani nimesalimiwa na watu ambao hawajawahi kunisalimia. Cletus amesema atanitengenezea kiti chenye mgongo. Mama Specioza hakugusia nazi. Waya ameuunganisha mwenyewe na kulaumu panya.

Nimefikiri sana leo, kwa unyenyekevu, na nimeona jambo moja: pengine Kiingereza ninacho. Inawezekana mtu akawa nacho bila kujua. Vinginevyo nilipatia vipi?

Mchana Mwalimu Silvester amekuja na habari. Alhamisi anafika Mfaransa, mtaalamu wa nyuki, kuzungumza na wafuga nyuki wa Ugalla. Watu mia mbili, viongozi na mbwembwe zote, siku tatu za mafunzo ya dawa na mizinga mipya. Mkalimani amepata homa. Mwalimu amependekeza jina langu, na barua ya kunithibitisha ameshaiandika.

Nimekubali kabla hajamaliza sentensi.

Dafrosa ameniuliza kama najua Kifaransa. Nimemwambia kwamba jana majeshi mawili yalieleweka bila mimi kufungua mdomo. Mfaransa mmoja atanishinda nini?