Mimi Si Mteja

Jumatatu, tarehe 4
Mke wangu kaondoka. Kahamia kwa kaka yake na begi moja na cherehani. Cherehani! Mwanamke akiondoka na cherehani, hiyo si ziara. Kisa ni ule mgahawa wa kona, wenye supu na bia hadi alfajiri. Anasema miaka kumi na tisa amekula chakula cha usiku akitazamana na kiti.

Jioni kaja shemeji na sharti lake: nisikanyage huko wiki nzima, mke atarudi Jumatatu ijayo. Nikamwambia tuandikiane. Mimi karani wa masjala, jambo lisiloandikwa kwangu halipo. Kalamu nikashika mwenyewe: "Sitaketi mgahawani kama mteja." Shemeji akatia sahihi bila kurudia kusoma. Na eti ni mwalimu!

Jumanne, tarehe 5
Nimekaa nyumbani. Nimekaanga yai, likaungua. Nimelala saa mbili, nimeamka saa tatu. Usiku uleule! Nimelia kidogo. Si sana.

Jumatano, tarehe 6
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kiapo kinasema mteja. Mfanyakazi je? Nimepita mlango wa nyuma. Mpishi, ambaye ndiye mwenye mgahawa, kaniuliza nimepotea njia au nimefukuzwa kazi. Nikamweleza: nitaosha vyombo, ujira wangu bia mbili na bakuli la supu, nami nitakula nimesimama. Kanitazama kama samaki wa juzi. Kisha akanirushia aproni.

Supu ya kusimama si mbaya.

Alhamisi, tarehe 7
Masufuria kumi na moja! Mgongo si wangu. Lakini mpishi kanifunza: glasi kwanza, vyenye mafuta mwisho, maji yakigeuka kijivu mwaga. Sikujua kuna utaratibu. Kaziinua glasi zangu kwenye taa, kasema si haba. Ofisini miaka ishirini, nani kaniambia hivyo?

Saa nne shemeji kachungulia dirishani. Kaona kiti changu kitupu, kaondoka ameridhika. Nilikuwa namwona kupitia tundu la kupitishia sahani. Nikanywa bia kwa afya yake.

Ijumaa, tarehe 8
Yule dereva wa teksi, Domo, kakalia kiti changu. Miaka mingi anakimezea mate. Nikamtilia pilipili kijiko kizima kwenye supu. Kaomba aongezewe. Mshenzi!

Lakini habari njema: shemeji kapiga simu. Mke wangu kafurahi, anasema kumbe ninaweza kubadilika. Kashaanza kufunga begi. Nilifurahi hadi nikavunja bakuli.

Jumamosi, tarehe 9
Siku ya kufa nyani miti yote huteleza.

Mgahawa ulijaa, mhudumu anaumwa. Mpishi kanituma nipeleke supu mbili meza ya dirishani. Nikatoka na sinia, aproni tumboni, mikono ina povu. Kwenye kiti changu: mke wangu. Pembeni yake shemeji, macho yamemtoka. Kumbe mke aliomba aletwe, akae pale mara moja, ajue kiti kile kina nini, kisha arudi nyumbani moyo mweupe.

Sikukimbia. Nikachomoa ile karatasi, nikawasomea. Kama mteja! Mimi si mteja, nikasema, naosha vyombo hapa tangu Jumatano, kila usiku, muulizeni mpishi. Na mpishi, Mungu amsamehe, akanisifu. Kasema hajawahi kupata mwosha vyombo kama mimi.

Mke wangu akaigeuza glasi yake ya maji kwenye taa. Akasema ni safi kweli. Akasema miaka kumi na tisa hajaniona nikiosha hata kikombe nilichonywea mwenyewe, akadhani labda sijui. Hakupandisha sauti. Bora angepandisha. Akamaliza supu yote, akamshukuru mpishi, akatoka. Shemeji kaniambia kesho kutwa nisimsubiri mtu.

Jumapili, tarehe 10
Nimelia tena. Safari hii sana. Nyumba inanuka. Sinki limejaa vyombo hadi bomba halionekani. Nimekaa mbele yake mchana kutwa nikitafuta kosa langu liko wapi, na saa kumi na mbili nikalipata.

Ushahidi! Nilimpa maneno matupu. Ninachohitaji ni barua ya mpishi, yenye mhuri, kuthibitisha kwamba mimi ni mwosha vyombo hodari. Mke wangu akiisoma, atajua kaoa— kaolewa na mtu wa aina gani. Nimempigia mpishi. Kasema barua haandiki kwa kazi ya siku nne, labda nikitimiza mwezi, kila usiku. Nimekubali papo hapo.

Naondoka sasa. Nilitaka kunywa chai kwanza, lakini hakuna kikombe kisafi. Nitakunywa hukohuko.