Ombi la Kusimamisha Upepo Hadi Gari Langu Likauke

Josphat Wathome,
Mumbuni, Machakos.
Jumanne asubuhi.

Kwa Mzee Ndeti,
Mwenyekiti wa Nyumba Kumi, upande wetu wa Mumbuni.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

KUH: UHARIBIFU WA RANGI YA GARI ULIOFANYWA NA MAJIRANI

Pokea salamu za heshima kutoka kwangu, jirani yako wa lango la kijani. Natumaini lile goti limepata nafuu na kwamba mama yuko salama. Mimi ni mzima wa mwili tu, moyo umechafuka.

Kama unavyojua, Jumamosi hii tunapeleka mbuzi wa ntheo kwa akina Ndila, mchumba wake Musili, kule Tala, ili mwanangu ahesabiwe kimila kuwa ameoa. Tulipoenda mara ya mwisho, baba yake Ndila aliizunguka Probox yangu mara mbili, akauliza kama ile milango minne, kila mmoja na rangi yake, imezaliwa na mama mmoja. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini iliniuma. Wiki iliyopita Musili akanieleza, kwa adabu sana, kwamba amekodi gari jeupe la kifahari la kunibeba. Mzee, nimembeba mtoto huyo kwa gari langu tangu akiwa chekechea. Sikubali kupelekwa kwenye ntheo ya mwanangu kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Ndiyo maana jana nililipiga rangi mwenyewe, hapa nyumbani, bluu iliyokoza, baada ya kutazama video kwenye simu mara tatu. Kazi ilienda vizuri mpaka majirani walipoiingilia. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mbula, jirani wa upande wa juu, alichagua saa nne ileile niliyomaliza kupiga rangi ili aanze kupepeta mbaazi zake. Agosti nzima ni yake, lakini alitaka saa nne. Makapi yote yalivuka ua yakatua kwenye milango iliyolowa. Nilipompigia kelele alinipungia mkono, akaendelea kupepeta.

2. Kuku wake walifuata makapi. Nyayo zao ziko juu ya paa kutoka mbele hadi nyuma, na mmoja alirudi kuhakikisha. Ni boneti peke yake iliyopona, kwa kuwa niliipiga rangi alfajiri, ikawahi kukauka, nikaifunika blanketi.

3. Mwalimu Masila, mstaafu, alipita kunisalimia, akauliza kama rangi imekauka, na kabla sijajibu akaigusa. Nikamwambia haijakauka. Akagusa upande wa pili ili athibitishe. Mtu aliyefundisha sayansi miaka thelathini! Baada yake walikuja wengine sita, na kila mmoja alitaka ushahidi wake mwenyewe.

4. Kuna uvumi kwamba kosa ni langu, eti kwa sababu nilitumia bomba la mgongoni la kunyunyizia maembe dawa. Bomba hilo limehudumia maembe yangu miaka sita na hakuna embe lililowahi kulalamika. Kuhusu michirizi, ni kweli niliongeza thina ya kulainisha rangi kidogo, halafu kidogo tena, kwa sababu ilikataa kutoka kwenye bomba. Kuhusu kutopiga msasa wala rangi ya kwanza ya kushikia, yule kijana wa kwenye video anaongea mbio. Uvumi huu umeharibu gari kuliko kuku.

5. Upepo. Sipendi kuonekana mtu wa lawama, lakini upepo wa kwetu hauna ratiba. Kule Konza kuna uwanda mtupu wa kuupokea. Kwa nini uje kwangu?

Kwa hiyo naomba uamuru yafuatayo hadi Jumamosi: kupepeta mbaazi kukome kabisa, kuku wote wafungiwe, yeyote anayenitembelea aje na mikono mfukoni, na upepo, kwa kuwa wewe pia ni mzee wa kanisa, uombewe uelekee Konza. Ukiona hayo ni mazito, basi naomba Mumbuni nzima ihamie kwa jamaa zake kwa siku nne, mimi nibaki na gari.

Nisalimie mama, watoto, wajukuu na kwaya yote. Hata Mbula msalimie, ila kwa sauti ya chini.

Ni mimi jirani yako mtiifu, mwenye vidole vya bluu,

Josphat Wathome

Nyongeza, saa kumi jioni: Mzee, nilikuwa sijaifunga bahasha Musili alipofika. Alilizunguka gari mara mbili, kisha akalipiga picha akamtumia Ndila. Jibu lilirudi papo hapo. Ndila anasema hajawahi kuona gari lenye madoadoa mazuri hivyo, kama yule ndege kanga, na kwamba lisipofika Jumamosi mbuzi warudi Mumbuni. Musili ameliachilia gari la kukodi. Ameniomba niendeshe mimi, yeye aketi kando yangu kama zamani. Nilienda nyuma ya nyumba kidogo kufuta macho. Nadhani ni thina. Shida iliyobaki ni boneti. Ni safi kabisa, na Ndila anataka ifanane na kwingine. Kesho naipiga rangi upya. Tafadhali mwamuru Mbula apepete saa nne kamili, kuku wake wasifungiwe, na Mwalimu Masila aje bila kukosa.