Mapambo ya Arusi ya Bénie

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Aibu! Jumamosi nilipamba ukumbi vizuri ajabu. Mapazia meupe, maua, viti vya maarusi kama vya wafalme. Kumbe si ukumbi wenyewe! Maarusi walikuwa mtaa wa Himbi, mimi nilikuwa mtaa wa Katindo, zote hapa Goma. Wafiwa waliokuja kufanya matanga pale Katindo walinishukuru sana.

Mke wangu Julie amesema imetosha, niende kwa mwanasaikolojia. Nimekataa. Mimi si mwendawazimu. Akaongeza kwamba Mama Lucie, anayemwoza binti yake Bénie Jumamosi hii, ameanza kumuulizia Olivier. Olivier! Mpambaji anayetundika puto za watoto kwenye arusi!

Nimekubali kwenda.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nina mpango. Nitaomba cheti chenye muhuri, kiseme mimi ni mgonjwa. Nikikosea, naonyesha cheti. Nani atamgombeza mgonjwa?

Mwanasaikolojia anaitwa Mama Umutesi. Mtulivu. Ameniuliza mengi: utoto, usingizi, kazi. Nimemweleza jinsi mwalimu wangu kule Masisi alivyonihamishia nyuma kabisa, kwa sababu nilikuwa nikitazama ng'ombe dirishani mwaka mzima. Katikati ya maelezo nikainuka kurekebisha pazia lake. Lilining'inia vibaya!

Amesema atahitaji kuniona tena na kuongea na Julie, lakini dalili anaziona. Kwa Kifaransa wanaita TDAH, yaani tatizo la akili kushindwa kutulia mahali pamoja.

"Papa Bienvenu, huu si uvivu, wala si ujinga," akasema. "Kila kitu kinakuita kwa sauti moja, na akili yako haijui iitike kipi kwanza. Haiponi kama malaria. Lakini mutu anajifunza kuishi nayo vizuri."

Tangu utoto naitwa mvivu. Machozi yakanilenga. Nimesingizia vumbi la volkano.

Cheti ameninyima. Amenipa kazi badala yake: nigawe kila shughuli katika vipande vidogo, nitumie kengele ya simu, na nitafute mtu wa kukaa karibu nami ninapofanya kazi.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Kengele ni kitu kizuri mno! Nimeweka ya kuoga, ya chai, ya kukata vitambaa, ya kunikumbusha kengele nyingine. Adhuhuri simu ikazima kwa kuchoka. Vitambaa havijaguswa. Julie amefuta kengele zote, amebakiza ya vitambaa tu. Mwanamke huyu hapendi maendeleo.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mpango mkubwa! Mtu wa kukaa karibu nami atakuwa Olivier mwenyewe! Akiwa kwangu, hawezi kwenda kumrubuni Mama Lucie. Nimemwambia nahitaji jicho la bingwa. Amekuja mbio, na kiti chake mkononi.

Lakini ajabu. Yeye akakaa akishona riboni zake, na mimi nikashona. Kila nikiinuka kutazama chukudu, ile baiskeli ya mbao ya mizigo, ikipita barabarani, anauliza tu, bila hasira, "Papa Bienvenu, unaenda wapi?" Narudi. Kufikia jioni mapazia yote yalikuwa tayari. Sijawahi!

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Ukumbi sahihi. Siku sahihi. Hata saa sahihi! Mama Lucie ameingia akipiga vigelegele, akaenda kumkumbatia… Olivier. Eti kwa sababu ndiye aliyekuwa juu ya ngazi! Nimekasirika hadi masikio yakawaka moto.

Kisha Bénie akatokea. Akasimama mlangoni, akaziba mdomo kwa mikono miwili, akashindwa kutembea. Nikasahau hasira. Kumbe kusahau nako kuna faida.

Julie amenishika mkono mbele ya watu wote. Hilo halijatokea tangu arusi yetu.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Nimepona! Mama Umutesi alisema haiponi, lakini hajawahi kukutana na kichwa kama changu. Olivier nimemshukuru na kumrudisha kwake na kiti chake. Kengele nimezima.

Na leo nimepata arusi ya Bunagana, kule mpakani na Uganda. Pia arusi ya Sake, upande mwingine kabisa. Familia zote mbili zimefurahi sana. Julie ameuliza ni lini. Jumamosi, nikasema. Akauliza ipi ndiyo ya Jumamosi. Zote.

Julie ameketi chini, polepole. Akaniuliza kama nakumbuka kwamba Jumamosi hiyohiyo Mama Umutesi ananingoja hapa Goma.

Nimemwambia asiwe na wasiwasi. Nitampitia njiani.